Nyungu Mbele ya Mlango

Wasikilizaji wapendwa, ukirudisha nyungu ya jirani na jirani hafungui, unagonga mara ngapi?

Swali hilo tunalichukua kwa Mama Mwadi, muuguzi, aliyetuacha Jumanne iliyopita kule Kapolowe akiwa na miaka hamsini na miwili. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Mwadi, muuguzi wa zamani wa hapa Likasi, amefariki Kapolowe. Leo tumekaa kumkumbuka.

Alizaliwa hapa hapa, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Baba yake ndiye aliyetoka mkoa wa mbali wa Kasai, akaja kwa kazi ya kampuni ya migodi. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuikanyaga. Lugha ya huko aliisema kwa kujikwaa, na mashangazi zake walimcheka. Shikeni jambo hilo, wasikilizaji, maana mbele tutalihitaji. Alizaliwa hapa.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa mwendo wa haraka. Viatu vyake vyeupe vya kazi alivipaka chaki kila Jumapili jioni, tangu rangi ya viatu ilipokosekana madukani. Kipimo cha homa alikitunza ndani ya kikopo cha mswaki, amekizungushia pamba, na kikopo chenyewe kilikaa ndani ya kitambaa cha kichwa. Kwenye zahanati ya mtaa alikuwa mkali. Mama akileta mtoto aliyezidiwa, alimuuliza kama alikuwa anangojea mtoto asimame, ajilete mwenyewe. Lakini maneno hayo aliyasema mtoto akiwa tayari mikononi mwake.

Mumewe, Athanase, alikuwa karani wa kampuni, mtu wa pumu na wa utani. Walikuwa na binti mmoja, Julie. Upande wa pili wa uzio wa matete aliishi Stanislas, fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani, pamoja na mke wake Gertrude na binti yao mdogo, Michelle. Nyumba mbili, uzio mmoja. Na katikati ya uzio palikuwa na pengo la kupitia, ambalo hakuna aliyejisumbua kuliziba.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka 1990, Michelle alishikwa na surua. Alikuwa na miaka minne. Surua ilipotoka, kuhara kukaingia. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa serumu, maji ya kumtilia mshipani, zimekwisha. Walirudi naye mgongoni, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

Mama Mwadi alipita kwenye lile pengo na kopo la sukari chini ya kwapa. Alichemsha maji, akayapoza, akatia sukari na chumvi. Kisha akaanza. Kijiko kimoja. Anahesabu polepole mpaka ishirini. Kijiko kingine. Mtoto akitapika, anangoja kidogo, anaanza upya. Siku tatu alifanya hivyo, akitoka tu kwenda zahanati na kurudi. Gertrude, kwa uchungu wa mama, alitaka kumpa mtoto kikombe kizima. Mama Mwadi alimshika mkono.

"Mama Michelle, haraka njo itamuua," alimwambia. "Hesabu."

Siku ya nne Michelle aliamka akaomba bukari, ugali wetu. Stanislas alitoka nje, akasimama nyuma ya choo, akalia huko ili asionekane.

Ndipo jamaa ile ilipoweka ahadi. Kila Noeli watapikia nyumba ya Mama Mwadi. Tena hawatamtuma mtoto na sahani. Wataenda wote, wamevaa nguo za kanisani, wapite barabarani na kuingia kwa mlango wa mbele, si kwa pengo la uzio.

Noeli ya mwaka ule walikuja kwa msururu. Gertrude na nyungu kichwani, ile sufuria kubwa ya bati, iliyobonyea karibu na mkono. Michelle na vijiko. Na kwa sababu nyungu ilikuwa imebonyea, kifuniko hakikukaa, basi Stanislas alikuja nacho mkononi, amevaa koti na tai. Athanase alimngojea mlangoni.

"Baba Michelle, naona bamekupandisha cheo. Sasa weye njo mukubwa wa kifuniko."

"Na weye mukubwa wa kula," Stanislas akamjibu. "Sogea tupite."

Ndani ya nyungu mlikuwa na wali na kuku. Wakala pamoja. Gertrude akauliza mwaka ujao walete nini. Mama Mwadi akajibu: "Chumvi. Leo mumeisahau." Walicheka mpaka Athanase akakohoa. Na nyungu iliporudi kwa wenyewe, ilirudi na karanga, mikono miwili iliyojaa, maana desturi yetu mnaijua: nyungu ya jirani hairudi tupu.

Noeli ya 1991 ikawa vile vile, ingawa wakati huo posho ya unga kutoka kampuni ilikuwa imeanza kuchelewa na kupungua. Kuku alikuwa mdogo, wali ulichanganywa na mahindi. Swali likaulizwa. Jibu likawa lile lile: chumvi.

Kisha ukaja mwaka 1992, wasikilizaji wapendwa. Wengi wenu mlikuwapo. Kiwanda kilikuwa kinakufa kipande kwa kipande. Na badala ya kuuliza nani ameivunja nyumba yetu, watu wakaanza kuulizana baba zao walitoka wapi. Vijana wakapita mtaa kwa mtaa. Mwenye asili ya Kasai, atoke, aende stesheni, apande treni ya kwao. Wapo waliowaficha jirani zao siku zile. Tunawajua, na wao wanajijua. Wapo ambao hawakuwaficha.

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa tisa. Mama Mwadi alisikia kelele mitaa miwili kutoka kwake. Athanase hakuweza kukimbia, kifua kilikuwa kimembana tangu asubuhi. Akatazama uzio. Lile pengo lilikuwa limezibwa. Matete mapya, kamba mpya. Hakujua limezibwa lini.

Basi akafikiri. Nyungu ya Gertrude ilikuwa kwake, aliiazima majuma mawili kabla kwa kuchemshia maji ya zahanati. Mwanamke anayerudisha nyungu hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Aliiweka kichwani, akamwambia Athanase angoje nyuma ya mlango mpaka amwite, akatoka barabarani na Julie nyuma yake. Julie alikuwa na miaka kumi na mitano. Ndiye aliyetusimulia, na anasema kwamba hata siku ile mama yake aliweka karanga ndani.

Mlango wa Gertrude ulikuwa umefungwa, mchana kweupe. Lakini mbele ya mlango mbabula, jiko la makaa, ilikuwa inawaka, na juu yake sombe ya majani ya muhogo ilikuwa inachemka.

Mama Mwadi aligonga mara tatu. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya jirani, kwamba amerudisha nyungu. Kimya. Akagonga tena mara tatu. Ndipo kutoka ndani ikaja sauti ndogo: "Mama, ni Mama munganga." Na sauti ile ikakatika ghafla, kama mdomo uliofunikwa na kiganja.

Aligonga mara tatu za mwisho. Mara tisa kwa jumla. Julie alihesabu.

Sombe ilikuwa inataka kumwagika. Mama Mwadi aliinama, akakisogeza kifuniko chake kidogo ili mvuke utoke. Kisha akaiweka nyungu chini mbele ya mlango, karanga ndani, akarudi kwa mume wake.

Kabla ya jua kuzama walikuwa stesheni, na godoro moja na mfuko mmoja.

Walikaa huko wiki kwa wiki, wakingoja treni pamoja na maelfu ya wengine, chini ya turubai. Mvua zikaanza. Watoto wakaanza kuhara, na Mama Mwadi akatafuta kijiko na kopo, akaanza tena kuhesabu. Athanase alilala kwenye godoro lililolowa. Kila Jumapili alimuuliza mke wake kama jirani wamekuja. Mama Mwadi alimjibu kwamba watakuja.

Athanase alikufa juma la kwanza la Desemba. Walimzika watu ambao hawakuwahi kusikia hata utani wake mmoja.

Na Noeli, jamaa ikaja. Msururu ule ule, nguo za kanisani zile zile. Gertrude na nyungu kichwani. Michelle, sasa miaka sita, na vijiko. Stanislas na kifuniko mkononi, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumtania. Alisimama kati ya magodoro, akawaambia watu kwamba mama huyu aliokoa mtoto wao, na kwamba wao hawasahau. Watu wakapiga makofi. Njaa ilikuwepo, na wali ulikuwa unanukia.

Gertrude akakaa chini kando ya Mama Mwadi. Akampa pole ya Baba Julie. Kisha akasema: "Siku ile tulikuwa tumekwenda Kakanda, Mama. Hatukukuwa ku nyumba. Tulikuta nyungu tu."

Mama Mwadi alimtazama Michelle. Michelle alitazama miguu yake.

"Mwaka ujao tukuletee nini?" Gertrude akauliza.

"Chumvi."

Walipoondoka, Julie alimuuliza mama yake kwa hasira kwa nini amekubali kula. Mama Mwadi alikuwa anaifuta nyungu kwa mchanga. "Ule mutoto amebeba vijiko njia yote," alisema. "Minye nitamwambia nini?"

Mwaka uliofuata masista wa Kapolowe walihitaji muuguzi. Mama Mwadi hakupanda treni. Alienda Kapolowe na Julie, na huko alifanya kazi mpaka mwisho. Na kila Noeli jamaa ya Stanislas ilifika huko, kwa lori, na mwaka mmoja kwa baiskeli mbili, nyungu imefungwa nyuma kwa mpira. Sasa waliwapikia pia watoto waliolazwa kwenye zahanati. Kanisani walitajwa kwa majina, mfano wa jamaa inayojua kushukuru. Mama Mwadi alikaa kwenye benchi akisikia wakisifiwa, mikono juu ya magoti.

Julie anasema kila Noeli, wageni wakiondoka, mama yake alikaa mlangoni na aproni ya kazi hakuivua mpaka giza liingie. Hakutukana. Hakulia. Mara moja tu alisema: "Kakanda. Na sombe iko ku moto."

Kila mwaka nyungu ilirudi na karanga. Kila mwaka swali. Kila mwaka chumvi.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijafika kwenye Noeli ya mwisho, niruhusuni nitoe pole zetu sasa, maana baada ya hapo sitakuwa na la kuongeza. Pole kwako, Julie, uliyebaki peke yako. Pole kwa masista, na kwa mama wote wa Kapolowe ambao watoto wao walipita mikononi mwake. Mama Mwadi, muuguzi, mzaliwa wa Likasi, apumzike kwa amani. Na sisi tuliobaki, leo tukikaa kula, kila mmoja aufikirie mlango wake, na nani aliwahi kusimama mbele yake.

Pole pia kwa Mama Gertrude. Alikuja hapa redioni Alhamisi, na nyungu mkononi, ile ya bati iliyobonyea. Stanislas hakuja. Gertrude ndiye aliyetaka habari hii isemwe yote. "Usifiche jina yangu," aliniambia. "Na ule mukono ku kinywa ya mutoto ulikuwa wangu, si wa Baba Michelle." Alisema waliogopa, kwamba nyumba iliyoficha ilikuwa inachomwa. Alisema hiyo ni kweli, lakini pengo la uzio waliliziba juma zima kabla.

Sasa, Noeli iliyopita.

Mama Mwadi alikuwa kitandani tangu mwezi wa kumi, tumbo limevimba, mikono imebaki mifupa. Jamaa ilifika kama kawaida. Wali hakuweza kuula, basi Michelle, msichana wa miaka kumi na miwili, alichukua mchuzi akakaa kando ya kitanda, akaanza kumpa kwa kijiko. Alimpa haraka haraka. Mama Mwadi akageuza uso kidogo.

"Hesabu," alisema.

Michelle akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Stanislas alikuwa amesimama dirishani, kifuniko bado mkononi. Gertrude alikuwa miguuni pa kitanda. Julie alikuwa mlangoni. Michelle akafika kumi na moja, akakirudisha kijiko ndani ya bakuli.

"Tulikuwa ku nyumba," Michelle akasema. "Minye nilikusikia."

Stanislas alikiweka kifuniko chini, akatoka nje. Gertrude hakutoka. Alikaa pale pale. Watoto wa zahanati walikuwa wanacheza uani, kelele zao zinaingia dirishani. Mwishowe Gertrude akauliza, kwa sauti ambayo Julie anasema hakuwahi kuisikia kwake. Safari hii swali halikuwa la mwaka ujao.

"Mama Julie. Ile siku ulikuwa unataka nini?"

Mama Mwadi alifumba macho. Walidhani amelala.

"Nilikuwa nataka unifungulie mulango," alisema. "Hata kama ni kwa kuniambia hapana. Njo ile tu nilikuwa nataka."