Bandama la Ngagne

Alasiri hiyo benchi la kona ya Adja Sokhna, muuza kahawa ya Touba pale Pikine, pembezoni mwa Dakar, halikuwa na utani. Asubuhi Ngagne, mwanamieleka wa mtaa, alipigwa goti ubavuni mazoezini. Sasa alikuwa hospitali mjini Dakar, bandama limechanika, damu inavujia tumboni. Kaka yake Birane alirudi mtaani mara moja kuchukua blanketi, na alipofika kwenye benchi baba yao akapiga simu. Alisema daktari hataki kupasua. Anataka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, aufikishe hadi kwenye bandama, aache humo springi ndogo za kuziba panapovuja. Mzee alichanganyikiwa, akamwambia Birane afikiri, ampe jibu upesi.

Birane akaketi, akawaeleza wenzake. Heri angepita.

— Damu iko tumboni, yeye anaingilia pajani, alisema Sidy, waliyemwita Waziri kwa kupenda kukata shauri. Huyo kapotea kabla hajaanza.

Birane akasema presha ya Ngagne imetulia. Ikishuka, watapasua palepale. Tena bandama ni kinga ya mwili, halitolewi ovyo.

— Na hizo springi? aliuliza Demba Breki, fundi wa magari. Chuma hakikai, kaka. Kitatembea mpaka moyoni.

Waziri akasogea karibu. Akasema msimu wa mieleka uko mlangoni, na ile kambi ya wapinzani wetu wa Thiaroye haina haya. Nani ajuaye kama daktari hakulipwa amwache Ngagne nusu mgonjwa? Breki akaapa kwamba amewahi kusikia jambo kama hilo.

Birane akatoa simu amwambie baba akatae.

Yacine, msusi wa saluni ya jirani, alikuwa amesimama na kikombe chake, akingoja kahawa.

— Samahani. Ngagne amezimia?

— Hapana, anaongea.

— Sasa yeye mwenyewe anasemaje?

Birane akampigia baba, akaomba ampe Ngagne simu.

— Nilishakubali, kaka, alisema Ngagne kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kuvuta pumzi. Baba hanisikilizi, anakungoja wewe.

— Unaogopa?

— Naogopa. Njoo.

Birane alimwambia baba akubali, akakimbilia teksi. Alikuta mlango wa chumba cha matibabu umefungwa. Akakaa sakafuni na mzee, wakashikana mikono, mpaka daktari alipotoka kusema mshipa umezibwa, damu imesimama.

Ngagne alitolewa akiwa macho, na bandeji ndogo pajani. Alimtazama baba, kisha kaka.

— Siku nyingine, alisema polepole, niulizeni mimi kwanza.