Mama Rachelle Kaseya na Herufi za Emile

Rachelle Kaseya Mulongo alizaliwa Kabimba tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Papa Adalbert Mulongo, fundi wa kiwanda cha simenti, na Mama Cécile Mwamba. Alikuwa mtoto mkimya. Wenzake wakicheza, yeye alikaa pembeni akisoma maandishi kwenye mifuko mitupu ya simenti.

Shule ya msingi aliisoma Kabimba, ya sekondari hapa Kalemie, akapata diploma ya biashara mwaka 1998. Huko ndiko alikojifunza kupiga mashine ya kuandikia bila kutazama vidole.

Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa na Papa Dédé Ilunga, fundi wa mota za boti. Mungu akawapa Emile, kisha Yvette. Mwaka 2009 alifungua sekretaria yake, duka la kuandika na kuchapisha karatasi, mtaani Kataki, na tangu hapo mialiko ya harusi na programu za mazishi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake.

Emile alipoanza chuo Lubumbashi, kila likizo alirudi na aina mpya za herufi, zile wenye kazi huita polisi, akaziingiza kwenye kompyuta ya mama yake.

“Mama, bakliya banapenda vitu vya mupya!” alisema, akimaanisha wateja.

“Utaniulia mashine, wee Emile.”

Zikafika elfu moja mia moja sitini. Tarehe 11 Novemba 2022 malaria ilimpanda Emile kichwani, akafariki kulekule Lubumbashi. Alizikwa kabla mama yake hajapata nafasi kwenye ndege.

Baada ya hapo Mama Rachelle hakuthubutu kufuta hata aina moja ya herufi. Kompyuta ikawa nzito. Kufungua ukurasa mmoja ilikuwa kama kungoja maharage yaive. Wenye sekretaria wenzake walimwambia apunguze. Aliwajibu, “Aliziweka mutoto wangu. Nianze na gani?”

Asubuhi moja ya Mei 2024, familia ilileta programu ya mazishi ya mtoto wa miaka sita. Mashine ilikwama mara tatu. Jeneza likaondoka bila karatasi. Mchana mama wa yule mtoto alirudi kutoka makaburini, vumbi likiwa bado miguuni. Hakufoka. Alisema tu, “Mama Rachelle, sina hata karatasi moja yenye jina lake.”

Mama Rachelle alifunga mlango, akalia hadi sauti ikamkauka. “Dédé,” alimwambia mumewe, “ninajua vile inauma, na ni mimi njo nimemufanyia ule mama vile.” Kesho yake alichapisha programu zote kwenye mashine ya jirani, akazipeleka mwenyewe, akapiga magoti mbele ya yule mama.

Kisha akaanza. Kila aina ya herufi aliifungua, akaandika kwayo jina la Emile, akachapisha mstari mmoja, ndipo akaifuta. Ilimchukua siku kumi na tisa. Papa Dédé alikaa naye kila jioni baada ya kazi. “Hii ni mubaya kabisa,” alisema Mama Rachelle siku moja mbele ya herufi zenye mikia mirefu, “lakini alikuwa anaipenda.” Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alibakisha aina kumi na nne tu za kazi, na kompyuta ikawa nyepesi tena. Tangu siku hiyo hakuna familia iliyozika bila karatasi kwa sababu yake.

Mwishoni mwa 2024 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa, akapelekwa Lubumbashi, akarudi Julai 2025 amekonda sana. Siku mbili kabla ya kufariki bado aliwaza kazi: “Mialiko ya harusi ya Idriss na Leila iko tayari. Yvette, ikate vizuri, usiharibu pembe.” Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Anawaacha Papa Dédé, mume wake wa miaka ishirini na mitatu, Yvette, binti yake, anayeingia mwaka wa mwisho wa sekondari, ndugu wanne, na Mama Cécile, mama yake mzazi, aliyefika jana kutoka Kabimba na bado anamwita kwa jina lake la utotoni, akingoja aitike.

Mungu amlaze mahali pema, ampe pumziko ambalo mwili wake ulimnyima.