Kaka Yetu, Mtengeneza Protini Mwenye Wivu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Nilipozaliwa mimi, kitinda mimba, aligoma kula mpaka mama aliponilaza pembeni na kumpakata yeye. Wivu huo alikua nao, na mkewe ameniomba nisiufiche.

Alisoma biolojia, akapata shahada ya uzamili mwaka 1995. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya utafiti. Kazi yake ilikuwa kuwapandikizia bakteria jeni ya binadamu ili watengeneze aktini, protini inayojenga kiunzi cha seli, kisha kuisafisha ili wenzake waichunguze. Bakteria walikubali, ila protini ilitoka imegandamana madonge yasiyofaa kitu. Alihangaika nayo miaka.

Ndipo akaajiriwa binti mmoja aliyetumia seli za wadudu badala ya bakteria. Protini yake ilitoka safi, na chini ya hadubini ikajiunga yenyewe kuwa nyuzi. Maabara nzima ikampongeza. Kaka alinuna, akidai zile ni takataka za kwenye kioo. Hatimaye akaenda kuchungulia mwenyewe. Alichungulia hadi shingo ikamuuma, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umefanyaje?"

"Vuta kiti," yule binti akamjibu.

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004, wakajaliwa binti mmoja. Ndoa haikumponya. Kila mkewe alipoalikwa kuzungumza mikutanoni, kaka alikosa raha. Lakini gauni la safari alilipiga pasi yeye, mdomo ameuvuta, na hakutaka msaada.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kilichomkera kuliko maumivu ni kufikiria nani atarithi meza yake ya kazi. Alasiri moja wodini alimuuliza mkewe.

"Mimi," wifi yangu akasema. "Nimeshaiomba."

Kaka akavuta mdomo. "Utafanya vizuri kuliko mimi, na hilo linaniuma. Lakini akikaa mtu mwingine, litaniua."

Wakacheka wote wawili, hadi muuguzi akaja kuangalia kulikoni.

Alifariki tarehe 2 Juni, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Ameacha mama, mke, binti na dada wawili. Asubuhi ya leo wifi yangu ameniambia kwamba anaionea wivu ardhi hii, kwa kuwa ndiyo itakayokaa naye.

Kaka, lala kwa amani.