Bi Arlys Tollefsrud, Karani Aliyeomba Dakika Tatu

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, saa kumi na moja jioni, Bi Arlys Tollefsrud atafunga kabati la nyaraka la Kijiji cha Brandvold na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametutumikia miaka thelathini na minne na miezi mitatu, akiwa karani chini ya wenyeviti sita wa baraza. Wanne kati yao aliwafundisha namna ya kufungua kikao, na mmoja namna ya kukifunga.

Kazi yenyewe hakuiomba. Septemba 1990 aliingia ofisini kukata leseni ya mbwa. Karani aliyekuwepo alikuwa ameondoka asubuhi ileile kwa hasira, baada ya baraza kubishana vikao vitatu kuhusu viti vya ukumbini, viwe vya mbao au vya kukunja. Mwenyekiti wa wakati huo alikuwa amesimama kaunta peke yake, hajui leseni zinakaa droo gani. Bi Arlys akazunguka kaunta, akazitafuta, akajaza yake mwenyewe, akaigonga muhuri, kisha akawahudumia watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Jumatatu akarudi, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Januari 1996 bomba la ofisi lilipasuka kwa baridi, maji yakaingia kwenye ramani zote za kijiji. Bi Arlys alizibeba nyumbani kwake na kuzianika kwenye kamba sebuleni, pamoja na shuka. Kwa wiki mbili, mtu aliyetaka kujua mpaka wa shamba lake ilibidi avue viatu mlangoni kwa Bi Arlys na kupekua kati ya foronya. Watu walipenda utaratibu huo. Walipewa kahawa, kitu ambacho ofisi haijawahi kutoa.

Lakini alichojulikana nacho zaidi ni kumbukumbu za vikao. Alikuwa na kanuni yake: karani anaandika, hasemi. Madiwani walisema walivyojaliwa, naye akawasitiri kwa kalamu. Diwani mmoja aliwahi kuongea dakika ishirini juu ya jirani yake na mashine ya kukatia majani, akataja na ukoo wa jirani huyo hadi babu. Katika kumbukumbu alisomeka hivi: "Diwani aligusia suala la utulivu." Wajukuu watakaosoma vitabu vile watadhani Brandvold iliongozwa na wenye hekima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu atalizungumza kwenye sherehe ya kumuaga, hata kama halimo kwenye ratiba.

Hatua mia tatu kupita kibao cha kutukaribisha kijijini kipo kiwanda cha soseji cha akina Zielke. Babu yao alianza kukausha nyama kwa moshi pale mwaka 1948. Hakuna harusi, maziko wala mechi ya mpira iliyowahi kufanyika Brandvold bila soseji za Zielke, ila ardhi yenyewe imo nje ya mpaka wetu, na katika mpango wa matumizi ya ardhi imeandikwa kuwa ni shamba. Kwa miaka sabini na mitano jambo hilo halikumsumbua mtu.

Aprili ya mwaka jana mkaguzi wa jimbo alipima kisima chao na kukuta kimeingiwa na mbolea ya mashamba ya mahindi yanayokizunguka. Akampa Petra Zielke, mjukuu anayekiendesha kiwanda na watu wake ishirini na wawili, miezi kumi na minane: apate maji safi kufikia tarehe mosi Oktoba, au afunge. Bomba la kijiji linaishia penye kibao. Sheria yetu hairuhusu maji kuvuka mpaka. Kwa hiyo Petra aliomba mambo mawili, ardhi yake iingizwe ndani ya kijiji, na matumizi yake yabadilishwe kutoka shamba kuwa kiwanda. Ombi lilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

"Hili halitachukua muda," Bi Arlys alimwambia, huku akiligonga muhuri.

Ndiyo taarifa pekee isiyo sahihi aliyowahi kuitoa kaunta ile.

Baraza letu lina watu saba, na kuongeza ardhi kunahitaji kura tano. Mwenyekiti, Bwana Gordy Pfaff, ni muuza bima na mtu wa tahadhari. Anaendesha gari kana kwamba kuna mtoto amelala kiti cha nyuma. Alifungua mjadala kwa neno lililokuja kuwa wimbo wetu: "Tusikurupuke."

Diwani Wendell Kruchten wa Barabara ya Pili akafuata. "Mimi sina ubaya na soseji. Nazila, mke wangu anazila. Lakini leo tunaingiza soseji, kesho mtu analeta machinjio. Na ule moshi utakuja kukaa kwenye mapazia yetu."

"Bwana Kruchten," Petra akasema, "moshi ule unakufikia tangu siku uliyozaliwa."

"Sikatai. Ila ulikuwa moshi wa nje."

Hoja ya moshi wa nje na moshi wa ndani ililishika baraza miezi mitano. Iliundwa Kamati ya Moshi, madiwani watatu, iende kunusa papo hapo. Walikwenda Jumamosi saa sita mchana. Petra aliwakaribisha kama wageni wowote, kwa soseji za moto, haradali na mkate. Kamati ikaripoti kwamba siku hiyo upepo haukuwa wa kawaida, hivyo ilihitaji kwenda tena. Ilikwenda mara nne. Ripoti ya mwisho ina kurasa tisa. Ya moshi ni aya moja.

Baadaye likaja suala la ukubwa wa kibao cha kiwanda. Likafuata suala la kibao chetu cha kukaribisha wageni, kihamishwe au kibaki, maana kikibaki tutakuwa tunawakaribisha watu mahali walipokwisha kufika. Vikao kumi na sita vilipita. Mara kumi na sita Bi Arlys aliandika "imeahirishwa" kwa mwandiko wake mzuri ulioegemea kulia.

Wakati huo jirani zetu wa Lund Corners, maili saba kutoka hapa, hawakuunda kamati yoyote. Walimwandikia Petra barua: kiwanja kipo, maji yapo, njoo.

Mwishoni mwa Agosti Petra alikuja kaunta. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha.

"Bi Arlys, Lund Corners wanataka jibu Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Nitawapa. Mkaguzi anasema barua tu ya kukubaliwa na baraza inatosha, ataniongezea muda wa kuchimba mtaro. Lakini barua sina. Watu wangu wananiuliza kila asubuhi, sina la kuwaambia."

"Kikao ni Jumanne ya tarehe kumi," Bi Arlys akasema.

"Vikao navijua. Nimehudhuria kumi na sita."

Alipoondoka, Bi Arlys alienda kwenye kabati. Akatoa vitabu vitatu vya zamani na kuviweka mezani kwake. Mimi, naibu wake, nilimuuliza kama anahitaji msaada. Alisema hapana, anasoma tu.

Jumanne hiyo ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa Zielke walikuja moja kwa moja kutoka zamu, wengine bado na aproni. Bwana Pfaff alitazama viti vilivyojaa, akatazama saa, akasema: "Naona jambo hili tulipeleke Novemba. Uchaguzi wa nchi utakuwa umepita, watu wametulia. Tusikurupuke." Kisha, kama sheria inavyotaka, akaanza muda wa wananchi, dakika tatu kwa kila mtu.

Bi Arlys aliweka kalamu chini, akanisogezea daftari.

"Andika, Corinne," alininong'oneza. "Andika kila kitu. Usinipambe."

Akainuka, akazunguka meza, akasimama kwenye kipaza sauti na vitabu vyake vitatu kifuani. Akajitambulisha kwa utaratibu uleule aliowahimiza watu wengine miaka yote: "Arlys Tollefsrud, namba kumi na nane, Barabara ya Kanisa."

"Arlys," Bwana Pfaff akasema, "wewe ni karani."

"Nikiwa upande ule wa meza. Upande huu ni mkazi, Gordy. Nina dakika zangu."

Hakuna aliyejua kifungu cha kumzuia. Mtu pekee anayevijua vifungu ndiye aliyekuwa amesimama.

Alifungua kitabu cha kwanza. "Machi 1994. Kiwanda cha jibini kiliomba kupanua ghala. Baraza liliona lisikurupuke. Kikahama." Akafungua cha pili. "Juni 2003. Dokta wa kliniki aliomba tumbadilishie matumizi ya nyumba moja. Baraza liliona lisikurupuke. Akahama." Cha tatu hakukifungua hata. "Hiki ni cha shule, 2011. Mnakumbuka wenyewe, watoto wenu wanapanda basi kwenda kusoma kwingine mnawaona."

Bwana Kruchten akakohoa. "Arlys, mimi mwaka huo sikuwa—"

"Ulikuwepo, Wendell. Ulileta hoja ya kuahirisha. Lakini sikuja kuwasema ninyi." Hapo sauti yake ikapungua, nikalazimika kuinama ili nisikie. "Niliyeandika ni mimi. Yule dokta aliniambia kaunta kwamba ataondoka, kama Petra alivyoniambia juzi. Nilijua. Nikaandika 'imeahirishwa', nikaenda nyumbani kula. Mama yangu alipougua nilimpeleka hospitali maili arobaini, kila wiki, kwa miaka minne. Kila safari tulipita mbele ya ile kliniki iliyobaki tupu. Mama aliuliza siku moja, 'Hivi walimkosea nini yule kijana?' Nimechoka kuliandika neno hilo. Msinilazimishe tena."

Alirudi kwenye kiti chake akiwa amebakiza sekunde arobaini. Alinyoosha mkono nikampa kalamu.

Tulisikia sindano za kufumia za Bi Ione Bakke. Huyu ni diwani wetu mwenye umri wa miaka themanini na moja. Kwa miaka kumi na miwili amefuma soksi vikaoni bila kuleta hoja hata moja. Sindano zikasimama.

"Naleta hoja," akasema. "Tuwaingize. Na ardhi iandikwe kiwanda. Vyote viwili, leo."

Kisha, kwa mshangao wa mke wake aliyekuwa safu ya pili, Wendell Kruchten akainua mkono. "Naunga mkono. Kwa sharti. Jumapili moshi usivuke Barabara ya Pili."

Bi Arlys aliita majina bila kuinua uso. Zikafika kura nne za ndiyo na mbili za hapana, ikabaki ya mwenyekiti. Bwana Pfaff alihesabu kwa vidole chini ya meza, akawatazama wenye aproni, akavuta pumzi na kusema ndiyo. Kesho yake aliliambia gazeti la wilaya kwamba huo ndio ulikuwa msimamo wake tangu mwanzo.

Petra hakushangilia. Alikaa pale pale ameshika uso kwa mikono miwili, na mzee mmoja wa zamu ya asubuhi akawa anampigapiga begani, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Asubuhi iliyofuata, kabla ofisi haijafunguliwa rasmi, Bi Arlys alimpelekea barua ya kukubaliwa kwa mkono wake mwenyewe. Maji yaliingia kiwandani Novemba. Sheria ndogo inayoukataza moshi kuvuka Barabara ya Pili siku za Jumapili ipo kabatini, imesainiwa na kugongwa muhuri. Upepo bado haujapewa nakala.

Baraza lilipotulia lilikumbuka kwamba heshima yake imeguswa, likaamua karani aandikiwe barua ya onyo. Barua za baraza huandikwa na karani. Bi Arlys akaiandika, akasahihisha makosa mawili ya tahajia yaliyokuwa kwenye rasimu ya mwenyekiti, akampelekea asaini, akajipokelea, na kuiweka kwenye jalada lake mwenyewe chini ya herufi T. Ndiyo barua nadhifu kuliko zote zilizomo humo.

Baraza limejadili pia zawadi ya kumuaga. Kuna wanaotaka saa ya ukutani na wanaotaka kiti cha kupumzikia. Suala limeahirishwa hadi Januari. Soseji za sherehe, hata hivyo, zimekwisha kuletwa.

Sisi tuliofanya naye kazi tunamshukuru. Alitufundisha kuandika tarehe kamili, kuinua simu kabla haijaita mara ya tatu, na kumtazama usoni mtu aliyekuja kulalamika. Mimi alinifundisha pia, akiwa amechelewa na akijua amechelewa, kwamba kuna siku kalamu huwekwa chini.

Wasomaji watataka kujua atafanya nini baada ya hapa. Atalala hadi kupambazuke, atapanda maharage, atamtembelea dada yake. Na Jumatatu iliyopita, saa ya chakula cha mchana, alisimama kaunta upande wa wananchi, akasubiri zamu yake, na kuniomba fomu ya kugombea udiwani katika uchaguzi wa Aprili. Fomu hiyo inataka sahihi ishirini za wakazi.

Bi Arlys, tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na jirani wema wenye kalamu zinazoandika. Mimi siruhusiwi kutia sahihi nikiwa kazini, kwa hiyo nitapita kwako Jumapili.

Corinne Dufek
Naibu Karani wa Kijiji