Bi Rudia na Kirusi Kilichobadili Sura

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo cha vinasaba katika maabara yetu anastaafu. Jina lake mnalijua, lakini korido nzima humwita Bi Rudia, naye huitika.

Alianza kama fundi sanifu, akipima damu za malaria na makohozi ya kifua kikuu. Akaenda kusoma akiwa na mtoto mgongoni, akarudi na shahada na msimamo mmoja: jibu usilolirudia si jibu. Hata fundi wa friji anakumbuka. Alipomaliza kazi aliombwa apime tena ubaridi. Akapima, akalifungua upya sanduku lake la vifaa.

Korona ilipoingia, yeye ndiye aliyepigania tuletewe mashine ya kusoma vinasaba vya kirusi. Wengi wetu tuliona ni anasa. Mgonjwa ni mgonjwa, tulisema, sura ya kirusi chake ya nini? Alitueleza bila kuchoka kwamba kirusi kila kinapojinakili hukosea kidogo, na ipo siku kosa litakipa mbio.

Siku hiyo ilifika mwaka wa pili. Sampuli za mtaa mmoja zilionyesha mabadiliko ambayo hatukuwahi kuyaona popote. Tulirudia, yakabaki yale yale. Tulijua kwamba tukitangaza, nchi nyingine zitatufungia anga. Na wiki hiyo hiyo binti yake, anayeishi ng'ambo, alikuwa amekata tiketi ya kumleta mjukuu wa kwanza, ambaye bibi alikuwa hajamshika. Kitanda kidogo kilishatandikwa.

Mkurugenzi, kwa huruma, alimuuliza kama taarifa ingeweza kungoja siku chache. Bi Rudia alivua glavu, akakaa.

"Kirusi hakingoji mgeni wangu afike," alisema. "Tutume leo."

Ikatumwa. Safari za ndege zikasitishwa, na mjukuu akajifunza kutembea bibi akimtazama kwenye simu. Mtaani walimlaumu kwamba ametuchafulia jina. Hakugombana na mtu. Aliwaambia tu kwamba aliyewasha taa siye aliyemleta nyoka. Ila sisi tuliokaa naye meza moja tulimwona mara kadhaa akifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa kazini.

Wimbi lilipofika, hospitali zilishajaza mitungi ya oksijeni na kupanga zamu. Tulizika watu, hatusemi uongo, lakini wodi hazikuelemewa kama mwanzo. Baba yangu mdogo alipumulia mtungi mmojawapo. Yuko hai, na bado mbishi.

Mama, umetufunza kazi na kutuvumilia, nasi tunashukuru kwa moyo wote. Tumesikia tiketi safari hii ni ya kwako. Tunakuombea siha, vicheko na usingizi wa mchana usiokatishwa na king'ora cha friji. Nenda ukawe bibi wa kushikika.