Mama Hatamu Anaondoka, na Nafasi Yake ni ya Chiriku

Leo, tarehe thelathini Juni, mkuu wetu wa mabanda, ambaye hapa hakuna anayemwita jina jingine ila Mama Hatamu, anastaafu baada ya kuwatumikia farasi wa shule hii ya upandaji kwa miaka thelathini na mmoja. Meneja ameniagiza niandike wasifu mfupi, wa furaha, usiozidi ukurasa mmoja. Ufupi nitajitahidi. Furaha sijui, maana nimekasirika, na sina tabia ya kukasirika kimoyomoyo.

Tuanze na mema, yasije yakasahaulika. Mama Hatamu aliingia hapa msichana wa kufagia mabanda. Akawa mtunza farasi, kisha mwalimu wa wanaoanza, kisha mkuu wa mabanda yote. Mwaka ule maji yalipoingia mabandani, yeye ndiye aliyewatoa farasi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimfunika macho kwa koti lake ili asishtuke. Alipomaliza akarudi tena ndani, maji yakiwa kiunoni, kumtoa paka. Paka mwenyewe alimparura mpaka shingoni, na mpaka leo hawasalimiani.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa vijana. Kila likizo wanakuja, viatu vinang'aa, simu mkononi, wanataka kufikia adhuhuri wawe wameshapigwa picha wakikimbiza farasi. Mama Hatamu anawakaribisha vizuri, anawauliza kama wamekula, halafu anawapa beleshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, huwaambia, na mvungu wa huku una samadi. Ikifika saa sita nusu yao wamekumbuka kwamba wanasubiriwa nyumbani. Wanaobaki wanajifunza kupiga brashi, kusafisha kwato, na kumwongoza farasi kwa miguu kuzunguka uwanja mpaka wakisimama naye asimame bila kuvutwa. Ndipo wanaonyeshwa tandiko. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikuja na suruali nyeupe. Nyeupe! Tuliache hilo.

Na hakuwahi kumchagua kijana kwa jinsi anavyopanda. Aliwachagua kwa jinsi wanavyoanguka, kwa kuwa kuanguka utaanguka tu, uwe nani. Yupo anayeinuka akijipangusa na kuangalia nani kamwona. Yupo anayeinuka akimtukana farasi. Halafu mara moja moja anatokea anayeinuka na tope lake, akamfuata farasi na kumpapasa miguu kama kaumia. Huyo ndiye aliyekuwa akimwambia, mwanangu, kazi hii utaiweza. Wala hakuwapandisha wote kwenye tandiko. Mmoja aliyeogopa kuwa juu alimpeleka kwa fundi wa kwato, na leo huyo ndiye anayewavisha viatu farasi wetu. Mwingine yuko na daktari wa mifugo. Mwingine anaendesha lori la farasi, na farasi wake wanashuka wametulia kabisa. Kijana anayedhani kazi ya farasi ni kupanda tu, huyo bado hajaiona kazi.

Sasa nije kwa Chiriku. Huyu ni binti wa fundi anayetushonea matandiko, na tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki; anawapigia farasi soga mpaka wanasinzia. Alianguka mbele ya wazazi wote siku ya maonyesho, kutoka kwa Kiburi, farasi mkorofi kuliko wote tulio nao. Mdomo ulipasuka, damu inamtiririka, na yeye kachuchumaa anapapasa miguu ya Kiburi. Tangu hapo ni miaka miwili anajifunza kazi hapa bila mshahara, kwa ahadi kwamba ikipatikana nafasi ya mtunza farasi ni yake.

Miezi mitatu iliyopita uongozi ulimwita Mama Hatamu na kumwambia anaweza kuongezewa miaka miwili. Aliitaka. Magoti bado yanamkubalia, na mara ngapi ametuambia hajui atafanya nini na asubuhi za nyumbani. Kisha wakamwambia nafasi ni moja tu: akibaki yeye, Chiriku hapati. Karani aliyekuwemo kwenye kikao anasema hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha hapa. Mwekeni mtoto." Akatoka, akaenda kufagia banda.

Hakutuambia. Nilipojua, wiki iliyopita, nilimkasirikia yeye kwanza. Mama, wewe unayetusimulia mpaka jino lako lililong'olewa, hili ndilo la kuficha?

Hasira hiyo haikudumu, kwa kuwa Jumatatu nilipata ya kumkasirikia zaidi. Chiriku aliitwa ofisini akaambiwa nafasi imesitishwa kwanza, aendelee tu kujitolea. Kujitolea! Yaani mama wa watu mmekubali kuondoka kwake, halafu alichokiondokea mnakitia kufuli? Binti alirudi mabandani hasemi neno, akampa Kiburi maji, na kimya chake kilituumiza sisi sote. Karani akaninong'oneza, funika kombe mwanaharamu apite. Sifuniki. Ahadi ni deni, na aliyeilipia ameketi hapo mbele yenu.

Meneja, nilikuletea rasimu ya wasifu huu ukasema huna muda, utausoma siku yenyewe pamoja na wageni. Basi karibu, umefika. Sisi wafanyakazi wa mabanda tumekubaliana kwamba keki haitakatwa wala hotuba haitatolewa mpaka usimame mbele ya watu hawa, na ya binti huyu na baba yake, useme kwamba Chiriku anaanza kazi kesho. Hatuna haraka. Mwenye kuishi na farasi hujifunza kusubiri.

Mama Hatamu, asante kwa kila uliyemwokota matopeni, nami nimo. Tunakuombea asubuhi za kulala mpaka uchoke mwenyewe, magoti yasiyouma, na maisha mema kwako na wote walio nyumbani. Usinikonyeze niache, sitaacha. Wala usiinuke kuaga bado. Kaa hapo hapo kitini, mama yetu, tumsikilize Meneja.