Taa ya Hooyo Ardo

Mwaka ule wa tisini na saba, benchi lililokuwa nje ya kibanda cha Keinan, fundi redio wa Garissa, halikupoa tangu alasiri hadi maghrib. Lakini Keinan mwenyewe, maskini, alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mamake, Hooyo Ardo, alikuwa amehamia kwake kutoka Griftu, na kila stima ikiwashwa alijifunika shuka usoni akiomba arudishwe kwao, kwenye moto wake unaofifia taratibu. Keinan hakutaka aondoke, alimpenda mno. Basi kila jioni alishinda kibandani akichomelea waya kwenye kisanduku chenye kompyuta ndogo kama ukucha, na leo kilikuwa tayari.

Akimimina kahawa, aliwaeleza wenzake kwamba stima huja kwa mawimbi. Kompyuta ile hungoja wimbi lianze, ikachelewa kidogo ndipo ifungue mlango stima ipite, na ikizidi kuchelewa taa huzidi kufifia. Akazungusha kidude, balbu ikawa nyekundu kama kaa.

Jama Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kuingia kama shahidi tu, alikataa katakata.

— Hiyo stima unayoizuia inajaa ukutani. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja utaegemea ukuta, tukuzike.

— Inarudi stesheni ya stima, akasema Billow, aliyeitwa Jenereta kwa kukoroma kwake. — Mashine ya mji inavimbiwa. Mbona hamjiulizi kwa nini stima hupotea?

Jama akakubali upesi, akasema basi kumbe mji mzima utalala gizani kwa ajili ya mama mmoja. Keinan akacheka tu, maana aliwazoea.

Hapo akafika Fartun, mdogo wake Hooyo Ardo, ameshuka kwenye lori la mbuzi kutoka Griftu na chombo cha maziwa ya ngamia. Keinan akamwonyesha taa kwa fahari, akamweleza jioni zote alizoitumia kuitengeneza.

— Habaryar, mama mdogo, si kama moto wa nyumbani?

Fartun akaitazama sana, akakiri kwamba inafanana, wallahi.

— Lakini kule dada yangu hakuwa akikaa na moto, mwanangu. Alikuwa akikaa na sisi. Jioni hizi zote ukitengeneza taa, yeye anakaa na nani?

Jama akachungulia kikombe chake. Keinan aliona aibu, na kuliko aibu, akamwonea mamake huruma. Akafunga kibanda jua lingali juu, akampokea Fartun maziwa, wakaenda kukaa na mama.